Nyumba Inapofungwa Msimu wa Masika: Majibu kwa Wasomaji

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu zinahusu nyumba ambazo wenyewe huzikalia kwa msimu tu, kisha huzifunga na kwenda zao. Ya kwanza ndiyo iliyotaka jibu refu.

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi na mume wangu tunafanya kazi Nairobi, lakini tunayo nyumba ya urithi hapa Mombasa, katika Mji wa Kale upande wa Kibokoni. Huikalia likizo ya Disemba na tena Mwezi wa Ramadhani mpaka Idi, kisha tunaifunga hadi Agosti. Mwaka jana tuliifunga kwa uangalifu mkubwa: madirisha yote tuliyakaza, nafasi za chini ya milango tukaziziba kwa magazeti, makochi na vitanda tukavifunika kwa nailoni, na kabati la nguo tukalitia karafuu na kafuri. Tuliporudi tulikuta kabati limeota kuvu ya kijani, misahafu ya marehemu mama mkwe imevimba, chooni mende wametapakaa, na bili ya maji ilikuwa kubwa kana kwamba nyumba nzima ilikuwa na watu. Tulikosea wapi? — *Mke wa Mrithi, Nairobi*

JIBU: Wa alaikum salaam, dada. Mlikosea pale mlipoifunga nyumba ya Mombasa kana kwamba adui zake ni mwizi na vumbi peke yao. Nyumba isiyokaliwa katika mji huu huharibiwa kwanza na unyevu. Nyumba yenye watu hupumua bila mtu yeyote kulifikiria jambo hilo, kwa sababu mlango hufunguliwa mara ishirini kwa siku, feni huzunguka, jiko huwaka na watoto huacha madirisha wazi hata wakikatazwa. Watu wakiondoka, yote hayo hukoma siku moja, na mkiziba nafasi zilizobaki, hewa iliyomo ndani haina pa kwenda. Tena miaka hii Idi huangukia karibu na masika, kwa hiyo mnafunga wakati kaskazi inakwisha na kusi inaingia na mvua zake, na Mei kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi mfululizo, kuvu huota juu ya ngozi, mbao, karatasi na vitambaa hata kama paa halivuji tone. Yale magazeti mliyoyaziba chini ya milango yalinyonya maji yakawa malisho yake.

Nyumba za zamani za Kibokoni zina tabia ambayo wajenzi wake waliijua vizuri kuliko sisi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu siku za mvua na kuutoa siku za upepo. Ukiukandika saruji au rangi ya mafuta, unyevu hunaswa ndani, na matokeo yake ni yale madoa na ule unga mweupe wa chumvi unaobanduka na rangi karibu na sakafu. Kwa hiyo, kabla hamjafikiria kufuli, angalieni ni chumba gani kilichopakwa rangi ya mafuta, kwa sababu hicho ndicho kitakachoota kuvu kwanza. Siwaambii mkibomoe mwaka huu. Nawaambia msiegemeze kabati lolote kwenye ukuta wake.

Jambo la kufanya ni kuifunga nyumba kwa mtu na kuiacha wazi kwa hewa. Madirisha ya juu yenye vibao vya luva yaachwe vibao vikiwa vimelala kiasi cha kupitisha upepo bila kupitisha mvua, na kwa ndani yapigiliwe wavu wa mbu, ambao huwazuia pia popo na kunguru. Milango yote ya ndani iachwe wazi, kila mmoja ukiwekewa kitu cha kuuzuia usigonge, ili upepo wa baharini uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Kabati za nguo zifunguliwe kabisa na kusogezwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na droo zivutwe nusu. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu juu ya vitanda, yasigusane. Mikeka na mazulia yaanikwe juani siku nzima kabla ya kukunjwa, kwa sababu mkeka uliokunjwa ukiwa na unyevu wa kupigwa deki jana yake huoza kutoka katikati, mahali ambapo hamtauona. Nailoni zitupeni. Shuka kuukuu za pamba ndizo zinazofaa kufunikia makochi. Huzuia vumbi na kuruhusu kitambaa kupumua.

Karafuu na kafuri hufukuza wadudu wa nguo, na sina ugomvi nazo, ila haziwezi kuvu hata kidogo. Udi nao ni harufu tu. Ninasema hivi kwa kuwa nimewaona watu wanaofukiza nyumba nzima siku ya kuondoka, kisha wanafunga madirisha upesi ili moshi mzuri usitoke. Kinachosaidia kabatini ni bakuli la makaa makavu au la chokaa kavu, ambayo hunyonya unyevu wa sehemu ndogo iliyofungwa, lakini yabadilishwe kila baada ya wiki chache, la sivyo yakishashiba hayana kazi tena. Nguo ziwekwe zikiwa zimefuliwa na kukauka kabisa, kwani jasho na mafuta ya mwili ndiyo yanayoita kuvu na nondo. Misahafu, picha za harusi, hati za nyumba na vitabu vya thamani visibaki humo. Nendeni navyo Nairobi, au vipelekeni kwa ndugu anayekaa nyumba yenye watu. Ile iliyovimba isimamisheni mahali penye upepo na kivuli, kurasa zikiwa zimepanuka, na msiianike juani, kwa sababu jua hupindisha jalada na kufifisha wino.

Nakuja kwenye maji, ambako nadhani ndiko bili yenu ilikotoka. Mombasa hunywa maji yanayotoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo na mengine kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na sote tunajua maana ya mgao. Siku mnayoondoka pengine maji yalikuwa yamekatika. Mtu akafungua mfereji, akasikia ukikoroma, akauacha vilevile na kwenda kubeba mizigo. Yaliyotokea kwa marehemu shangazi yangu, katika nyumba ambayo mimi ndiye niliyeifunga, ni hayo hayo: maji yalirudi usiku wa siku ya tatu, yakamwagika katika sinki lililokuwa na kitambaa cha kuoshea vyombo juu ya tundu lake, yakashuka ngazi mpaka chumba cha chini, na jirani aliyajua pale tu yalipotokeza uchochoroni. Tangu siku hiyo sifungi mfereji mmoja mmoja peke yake. Ninafunga koki kuu iliyo karibu na meta, kisha ninafungua mifereji yote mpaka mabomba yaishe maji, kisha ninaifunga yote tena. Kabla ya kutoka ninatazama namba za meta, ninasubiri muda wa kunywa chai, ninazitazama tena. Ikiwa zimesogea ilhali koki imefungwa, koki hiyo ni mbovu na haifai kuaminiwa. Piga picha namba hizo kwa simu. Zitakusaidia siku ya kubishana juu ya bili.

Mende wa chooni wana sababu ambayo watu wengi hawaijui. Chini ya kila sinki, na chini ya tundu la maji machafu bafuni, bomba limepindwa kama kiwiko ili maji kidogo yabaki humo, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu na wadudu wa shimoni wasipande. Nyumba ikifungwa wiki kadhaa kwenye joto letu, maji hayo hukauka na njia inakuwa wazi. Siku ya kuondoka mimina jagi la maji katika kila tundu na katika choo, kisha juu yake mimina vijiko vichache vya mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kuyazuia maji yasikauke upesi. Tundu la bafuni lifunike kwa kifuniko au kwa sahani nzito, na mfuniko wa choo uteremshwe.

Kama nyumba yenu bado ina birika la kale la bafuni, lile la kujengewa, uamuzi ni wenu baina ya mambo mawili tu. Zamani wenyeji walitia samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na utaratibu huo ulifaa katika nyumba ambayo kila siku kuna mtu wa kuongeza maji. Katika nyumba iliyofungwa, samaki hufa na mbu hubaki. Kwa hiyo, ama birika liachwe likiwa limefunikwa barabara na kuchunguliwa kila wiki, ama liondolewe maji yote, lisuguliwe na kukaushwa. Nasisitiza kusugua kwa sababu mbu anayeeneza dengi na chikungunya hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi mingi na kuanguliwa siku maji yanaporudi. Waliokuwa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 hawajasahau namna chikungunya ilivyowalaza watu na kuwaacha wakitembea wameinama. Birika moja katika nyumba isiyo na mtu linatosha kuuguza mtaa mzima, na majirani ndio watakaoumwa na mbu hao ninyi mkiwa Nairobi. Angalieni pia vyungu vya maua, ndoo zilizoachwa uani na maturubali yaliyobonyea.

Jikoni kuna maneno machache. Mtungi wa gesi ufungwe na regulata iondolewe. Unga, mchele, tambi na viungo visiachwe; vigawieni majirani, ambao ndio walinzi wenu wa kwanza. Friji izimwe siku moja kabla, iyeyuke, ifutwe kwa siki na maji, kisha mlango wake uachwe wazi kwa kuwekewa kitambaa kilichokunjwa, kwani friji iliyozimwa na kufungwa huoza kwa ndani na harufu yake haitoki hata kwa mwaka. Vifaa vingine vyote vichomolewe, maana umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Swichi kuu nayo izimwe. Tokeni zilizosalia kwenye meta hazipotei.

Mwisho wa barua yako hukusema nani anabaki na ufunguo, na kimya hicho kimenitia wasiwasi kuliko kuvu. Hayo yote niliyoyaeleza yanapunguza madhara, lakini nyumba inayokaa toka Idi mpaka Agosti bila mtu kuifungua haiwezi kusalimika. Tafuteni mtu mmoja, mwenye jina na wajibu, wa kuifungua mara moja kwa wiki siku isiyo na mvua, kuanzia saa tatu za asubuhi mpaka alasiri.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina nyumba ya makuti Shanzu ambayo familia hutumia wakati wa sikukuu. Ina tangi la maji juu ya mnara na pampu ya kisima. Nataka kujua paa la makuti linahitaji matayarisho gani ya pekee, na kama ni vizuri kuacha taa moja ikiwaka usiku ili watu wadhani kuna mtu. — *Mzee wa Shanzu*

JIBU: Marahaba, mzee wangu, ingawa pengine mimi ndiye niliyestahili kukuamkia.

Paa la makuti lichunguzwe kwa ndani, mchana wa jua kali, taa zikiwa zimezimwa. Panapopenya mwanga wa jua ndipo patakapopenya mvua. Tazama zaidi pale kwenye kilele pande mbili zinapokutana, na mahali ambapo tawi la mti hulisugua paa kila upepo unapovuma. Matawi hayo yakatwe kabla ya kusi kukolea. Fundi wa makuti aitwe kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikishaanza kila mtu atamtaka na wewe utakuwa wa mwisho. Ikiwa popo wameingia, usizibe matundu mchana wakiwa ndani, kwani watafia humo na uvundo wake ni mzito. Subiri watoke jioni kuwinda, ndipo uzibe. Na ikiwa nyumba ina gata kwenye upande wa mabati, mtu apande aisafishe. Kunguru wetu hudondosha humo mifupa ya kuku na vipande vya waya wanavyojengea viota, na mwembe humalizia kwa majani yake. Kwa jirani yangu mmoja, gata nzima iliziba kwa sababu ya fupa moja la paja na konzi ya majani, na maji yakarudi nyuma mpaka darini.

Kuhusu taa, rai yangu ni kwamba taa inayowaka usiku na mchana humwambia mwizi kuwa hamna mtu, kwani nani mwenye kulipa umeme angeiacha iwake saa sita za mchana? Na juu ya makuti, waya wenye hitilafu ni hatari ambayo siwezi kukushauri uikaribishe. Zima swichi kuu. Kama wataka mwanga, tundika uani taa ya sola inayojiwasha magharibi na kujizima alfajiri, mbali na paa.

Tangi liachwe tupu na mfuniko wake ukazwe kwa waya, la sivyo upepo utaupeperusha. Pampu ichomolewe umeme. Kwa kuwa uko karibu na bahari, hewa ya chumvi itaanza kula vyuma siku utakayoondoka: bawaba, komeo na vyuma vya madirisha vipakwe grisi, na kila kufuli litiwe mafuta, kisha lifunikwe kwa kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa juu yake mlangoni kama kijipazia. Kufuli la shaba ni ghali kidogo kuliko la chuma, lakini nimeona la chuma likikatwa kwa msumeno na mwenyewe, akiwa na ufunguo mkononi.

Zunguka pia msingi wa nyumba na utazame kama kuna vijia vya udongo vinavyopanda ukutani au kwenye nguzo. Huyo ni mchwa. Kuvivunja peke yake hakumwondoi, lakini ukivivunja siku ya kuondoka na mlinzi akakupigia simu baada ya wiki mbili kukuambia vimejengwa upya, utajua kwamba kiota kiko hai na kwamba fundi wa dawa anahitajika mara moja.

SWALI: Ndugu yangu anafanya kazi Muscat na ameniachia ufunguo wa nyumba yake ya Likoni. Hakunieleza nifanye nini hasa. Naogopa siku moja kitaharibika kitu nilaumiwe. Niifanyie nini nyumba hiyo? — *Mwenye Ufunguo, Likoni*

JIBU: Kaka, hofu yako ni ya haki, na dawa yake ni kuandika. Nunua daftari dogo, liweke ndani ya nyumba karibu na mlango. Kila uendapo andika tarehe, saa uliyofungua madirisha, namba za meta ya maji, na neno moja kuhusu kila chumba. Baada ya mvua kubwa usingoje siku yako ya zamu. Nenda siku ya pili yake, utazame dari kwa tochi, kwani doa jipya lina ukingo wa kahawia unaoonekana wazi, na doa la zamani limefifia. Mpigie ndugu yako picha hata pale ambapo hakuna baya lolote, kwa sababu picha ya ukuta mkavu wa Aprili ndiyo itakayoonyesha kwamba doa la Juni halikutokana na uzembe wako.

Kabla ya hayo, kaeni kwa simu mkubaliane mambo ambayo ndugu huona haya kuyataja. Fedha za dharura zitatoka wapi? Kiasi gani unaweza kutumia bila kumuuliza, tuseme kwa kumlipa fundi wa bomba usiku wa manane? Nani mwingine ana ruhusa ya kulala humo? Swali hili la mwisho huvunja undugu kuliko wizi, maana atatokea binamu mwenye harusi na wageni, na atakuambia kwamba mwenye nyumba hawezi kukataa. Mwache mwenye nyumba mwenyewe amjibu.

Mwambie pia asome mkataba wake wa bima, kama anayo. Mikataba mingi huweka idadi ya siku ambazo nyumba inaweza kukaa bila mtu, na zikipita, baadhi ya madai hukataliwa. Ziara zako zilizoandikwa daftarini zinaweza kuwa na manufaa hapo. Majirani wa nyumba kumi wajulishwe kwamba wewe ndiye mwenye ufunguo, lakini tarehe ya kurudi kwa ndugu yako isitangazwe katika kundi la simu la mtaa, ambamo hujui nani kamwingiza nani.

Ufunguo wa pili usikae kwako wala kwake Muscat. Mpe mtu mzima wa mtaa huo huo, ambaye yuko nyumbani mchana, na umwonyeshe ilipo koki kuu ya maji. Mwache aifunge na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe mara moja wewe ukiwepo, kwa sababu koki iliyokaa miezi bila kuguswa huwa ngumu, na usiku wa mafuriko si wakati wa kugundua kwamba inahitaji spana.